Tuhesabu Milango Kabla ya Kuhesabu Tani

Wahenga walinena kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hii tumeifundisha madarasani miaka nenda miaka rudi, na aghalabu mwanafunzi huiandika katika insha yake bila kujiuliza ndugu huyo ni nani na chake hicho ni kipi. Mwaka wa 2022 jibu lilijileta lenyewe mezani. Karibu na chuo ninakofundisha yupo mama mmoja anayeuza chapati. Katikati ya mwaka huo bei yake ilikuwa ile ile ya zamani, lakini chapati yenyewe ilikuwa imekonda, hata ukiinyanyua juu waona mwangaza upande wa pili. Mwanafunzi wangu alipomwuliza kulikoni, alijibiwa kwa mkato: "Ni vita vya Ukraine, mwanangu." Kijana yule alinijia akitaka kujua nchi iliyo mbali vile inahusiana vipi na kikaango cha mama huyo.

Mimi ni mwanaisimu, si mwanauchumi. Kazi yangu ni maneno, na neno "nafaka" lenyewe lina funzo. Limetokana na Kiarabu, ambako maana yake ni matumizi, yale masurufu anayotoa mwenye nyumba ili watu wake wale na wavae. Hata leo, katika mahakama za Kadhi, mke hudai nafaka kwa maana ya matunzo yake. Basi katika asili ya neno hili mna wajibu wa mtu kwa wale wanaomtegemea. Ukilishika kwa maana hiyo, utaielewa biashara ya nafaka ya ulimwengu upesi kuliko yule anayeanzia kwenye takwimu. Kila nchi inayouza nafaka nje ina watu wa nyumbani mwake wanaoidai kwanza. Sisi wanunuzi ni wageni tuliosimama mlangoni.

Tunapolinganisha maeneo makuu yanayouza nafaka, tumezoea kuuliza ni nani anayeuza tani nyingi zaidi. Swali hilo lina faida yake, lakini kwa mnunuzi lipo swali jingine lililo kubwa zaidi: mlango wa muuzaji huyo hufungwa na nani, hufungwa lini, na hufungwa kwa sababu gani? Katika makala haya nitajaribu kuyapitia maeneo hayo moja baada ya jingine kwa swali hilo, kisha nirudi nyumbani, maana ndiko uliko mlango unaotuhusu zaidi.

Kwanza yafaa tuzitenganishe nafaka zenyewe, kwa kuwa kuzichanganya ni chanzo cha makosa mengi. Katika miaka hii ya 2020 ulimwengu umekuwa ukivuna karibu tani milioni 800 za ngano kwa mwaka, na yapata robo ya ngano hiyo huuzwa nje ya nchi ilikovunwa. Mahindi huvunwa takriban tani milioni 1,200, lakini yanayovuka mipaka ni kama sehemu moja kwa sita. Mchele ni zaidi ya tani milioni 500, na unaosafiri ni sehemu moja tu kwa kumi au kuzidi kidogo. Kwa hiyo soko la ngano ni pana na lina wauzaji wengi, ilhali soko la mchele ni jembamba. Watu wa Asia hula walichopanda, na kinachouzwa nje ni masazo. Soko jembamba likiguswa kidogo hutikisika lote.

Tuanze na Amerika ya Kaskazini, iliyokuwa ghala la ulimwengu baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka wa 1954 Rais Dwight Eisenhower alitia sahihi sheria iliyokuja kujulikana kwa nambari yake, 480. Sheria hiyo iliiruhusu Marekani kuiuza ziada yake ya mazao kwa masharti nafuu, kupokea malipo kwa sarafu za wanunuzi, na kutoa sehemu yake kama msaada. India ilikuwa miongoni mwa wapokeaji wakubwa. Ukame ulipoikumba India mwaka wa 1965 na 1966, Rais Lyndon Johnson aliamua kuziachilia shehena kidogo kidogo, ili kuishurutisha serikali ya New Delhi ibadilishe siasa yake ya kilimo, na pia kwa kuwa alikereka na kauli zake juu ya vita vya Vietnam. Ilisemwa wakati huo kwamba India iliishi kutoka melini hadi kinywani. Msomaji auhifadhi mfano huu, maana tutaurudia.

Mwaka wa 1972 ikawa zamu ya Muungano wa Kisovieti. Mavuno yake yalikuwa yameharibika, nao ulinunua kimyakimya takriban tani milioni 10 za nafaka ya Marekani, tena kwa bei iliyopunguzwa kwa ruzuku ya mlipa kodi wa Kimarekani mwenyewe. Katika muda wa miaka miwili bei ya ngano duniani ilipanda zaidi ya maradufu. Miaka minane baada ya ununuzi huo, mnamo Januari 1980, Rais Jimmy Carter aliufunga mlango ule kwa sababu Wasovieti walikuwa wameivamia Afghanistan. Argentina ilikataa kuiunga mkono hatua hiyo, ikauza nafaka yake yenyewe. Rais Ronald Reagan aliufungua mlango tena Aprili 1981, lakini mnunuzi alikuwa amekwisha kuijua njia nyingine. Mkulima wa Marekani hajaisahau hasara ile mpaka leo.

Tangu hapo mwelekeo wa Marekani katika ngano umekuwa wa kushuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi hiyo iliuza zaidi ya theluthi ya ngano yote iliyouzwa nje duniani. Kufikia miaka ya 2020 sehemu yake ilikuwa imeshuka hadi yapata moja kwa kumi. Eneo linalopandwa ngano nchini humo lilikaribia kupungua nusu tangu kilele chake cha mwaka wa 1981. Ardhi haikuchoka. Wakulima walihamia kwenye mahindi na soya, zilizokuwa na faida zaidi. Fauka ya hayo, sheria za mwaka wa 2005 na 2007 ziliwalazimisha wauzaji wa petroli kuichanganya na ethanoli, nayo nchini humo hutengenezwa hasa kwa mahindi. Sehemu inayokaribia theluthi au kuizidi ya mahindi ya Marekani ikawa inaingia katika viwanda hivyo. Hapa tunaona namna ya kufunga mlango isiyo na tangazo wala barua: nafaka haikukatazwa kusafiri, bali ilipata mnunuzi mwingine nyumbani.

Pengo hilo la ngano lilijazwa na eneo ambalo kizazi cha wazazi wetu kililijua kwa njaa na foleni za mkate: Bahari Nyeusi. Katika karne ya 19 bandari ya Odesa ililisha miji ya Ulaya Magharibi. Utawala wa Kisovieti uliigeuza nchi ya kuuza kuwa nchi ya kununua, na ununuzi wenyewe ulikuwa kwa sehemu kubwa wa chakula cha mifugo, maana serikali iliwaahidi raia nyama. Muungano ulipovunjika mwaka wa 1991, mashamba ya ushirika yalisambaratika na idadi ya ng'ombe na nguruwe ikaanguka vibaya. Msiba huo wa wafugaji ndio uliofungua njia ya mauzo ya nje, kwa kuwa nafaka iliyokuwa ikiliwa na mifugo ilibaki. Baada ya mwaka wa 2000 makampuni yalikodi mashamba makubwa, yakaleta mbegu na mitambo, na bandari zikapanuliwa. Katika msimu wa 2017/18 Urusi iliuza nje zaidi ya tani milioni 40 za ngano, kiasi ambacho nchi nyingine yoyote haikukifikia msimu huo. Ukraine nayo ikawa miongoni mwa wauzaji wakuu wa mahindi, ngano na shayiri.

Je, mlango wa Bahari Nyeusi ni wa kuaminika kiasi gani? Mwaka wa 2010 Urusi ilipatwa na joto na moto wa misitu usio wa kawaida. Agosti 5 Vladimir Putin, aliyekuwa waziri mkuu, alitangaza kwamba kuuza nafaka nje ni marufuku, na marufuku hayo yalidumu hadi katikati ya mwaka uliofuata. Bei ya ngano ilipanda duniani kote. Mwanzoni mwa Septemba mwaka huo wakazi wa Maputo, nchini Msumbiji, waliingia barabarani kupinga kupanda kwa bei ya mkate na mahitaji mengine, na watu zaidi ya 10 wakapoteza maisha. Ukame uliokuwa Urusi ulimwua mtu aliyekuwa kwenye ukingo wa Bahari ya Hindi. Huo ndio uhusiano ambao mwanafunzi wangu alikuwa akiuuliza.

Kisha vikaja vita. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 24, 2022, bandari za Ukraine zilifungwa kwa manowari na mabomu ya majini. Mwezi wa Machi kipimo cha bei za vyakula kinachotolewa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kilifika mahali ambapo hakikuwa kimefika tangu kianze mwaka wa 1990. Julai 22 mkataba ulitiwa sahihi mjini Istanbul kwa upatanishi wa Uturuki na Umoja wa Mataifa, na Agosti 1 meli ya kwanza ikang'oa nanga Odesa ikiwa imebeba mahindi. Katika muda wa mwaka mmoja zilisafirishwa takriban tani milioni 33. Julai 17, 2023 Urusi ilijitoa katika mkataba huo. Ukraine ikaitegemea njia yake yenyewe kando ya pwani ya magharibi, pamoja na bandari ndogo za mto Danube. Urusi yenyewe haikuacha kuuza. Katika msimu wa 2023/24 iliuza zaidi ya tani milioni 50 za ngano. Mtu atakayeangalia tani peke yake atasema kwamba eneo hilo halikupungukiwa na kitu, maana mmoja alifidia upungufu wa mwingine. Lakini mnunuzi aliyekuwa na milango miwili ya kubisha ameona mmoja ukivunjwa, na mwenye kushika ufunguo wa ule wa pili amezidi nguvu.

Tuvuke sasa bahari ya Atlantiki tuingie Amerika ya Kusini. Kisa cha Brazil kinastahili kusomwa na kila mwalimu wa Jiografia. Nyanda za katikati ya nchi hiyo, ziitwazo Cerrado, zilihesabiwa kuwa jangwa la mkulima, kwa kuwa udongo wake una asidi nyingi. Mwaka wa 1973 serikali iliunda shirika la utafiti wa kilimo, Embrapa. Watafiti wake waliutibu udongo kwa chokaa na mbolea, wakazalisha aina za soya zinazostahimili joto la tropiki. Hatimaye wakulima walijifunza kuvuna soya mapema na kupanda mahindi katika shamba lile lile kabla mvua hazijakatika. Zao hilo la pili, lililokuwa nyongeza tu, sasa ndilo sehemu kubwa ya mahindi ya Brazil. Katika msimu wa 2022/23 Brazil iliipiku Marekani katika kuuza mahindi nje, baada ya Uchina kuufungua mlango wake kwa mahindi hayo mwishoni mwa 2022. Msimu uliofuata Marekani ilirudi mbele. Mbio hizo zingali zinaendelea, na misitu na nyika za Brazil zimelipa gharama yake. Yafaa pia ikumbukwe kwamba Brazil hiyo hiyo hununua ngano, hasa kutoka kwa jirani yake Argentina. Hata jitu hili la kilimo halioni aibu kutegemea jirani kwa kile kisichositawi vyema kwake.

Argentina yenyewe ina ardhi nzuri mno ya ngano na mahindi, lakini mlango wake una kizuizi cha aina nyingine, nacho ni ushuru wa mauzo ya nje. Serikali inapokosa fedha humgeukia mkulima anayeuza ng'ambo. Mwaka wa 2008 serikali ilipojaribu kuupandisha ushuru huo, wakulima walifunga barabara kwa miezi kadhaa, na mpango ukaangushwa katika seneti kwa kura ya makamu wa rais mwenyewe. Tangu hapo ushuru umepanda na kushuka kufuatana na anayeshika madaraka, na mkulima huamua kupanda au kutopanda kwa kutazama uchaguzi sawa na anavyotazama mawingu.

Huko Asia mambo yanamhusu mlaji wa wali. Kwa takriban miaka 30 Thailand ndiyo iliyoongoza katika kuuza mchele nje. Vietnam, ambayo mara baada ya vita ilikuwa ikinunua mchele, ilianza mageuzi ya uchumi mwaka wa 1986, ikawarudishia wakulima haki ya kuamua juu ya mashamba yao, na kufikia mwaka wa 1989 ikawa inauza nje kwa wingi. Kisha India ikawapita wote. Tangu msimu wa 2011/12 imekuwa ya kwanza, na katika miaka ya karibuni peke yake imekuwa ikiuza yapata asilimia 40 ya mchele wote unaovuka mipaka.

Hii ndiyo India ile ile iliyoishi kutoka melini hadi kinywani. Ilijiokoa vipi? Ilileta mbegu fupi za ngano kutoka Mexico, zikaboreshwa na wataalamu wake wakiongozwa na M. S. Swaminathan, ikachimba visima, na, jambo linalosahaulika, ikaunda utaratibu wa serikali kununua nafaka kwa bei iliyotangazwa mapema na kuiweka ghalani. Lakini tazama ilivyotenda ilipokuwa na ufunguo mkononi. Mei 13, 2022, baada ya joto kali kuiunguza ngano yake, ilipiga marufuku kuiuza nje, wakati ule ule ulimwengu ulipokuwa ukiitarajia ifidie ngano ya Ukraine. Julai 20, 2023 ilipiga marufuku mchele mweupe usio wa basmati, na nchi za Afrika zilizokuwa zikiutegemea zikahangaika. Marufuku hayo yalianza kulegezwa Septemba 2024. Aliyewahi kusimama mlangoni akingoja aliufunga mlango alipokuwa ndani. Sisemi haya kwa kuilaumu India. Ilikuwa inatoa nafaka kwa maana ile ya asili, matunzo ya watu wa nyumbani. Serikali ipi ingekubali kura za walaji wake zipotee ili mlaji wa mbali ashibe?

Maeneo mengine tunaweza kuyapitia kwa haraka. Umoja wa Ulaya, ukiongozwa na Ufaransa, ulitoka katika kununua ngano ukawa muuzaji mkuu kwa nguvu ya ruzuku zilizoanza miaka ya 1960. Kanada na Australia huuza sehemu kubwa ya ngano yao kwa kuwa watu wao ni wachache. Milango ya nchi hizi mbili haifungwi mara kwa mara kwa amri ya serikali, lakini ukame huifunga pasipo kuomba ruhusa ya mtu.

Tukiyaweka haya yote pamoja, twaona mielekeo mitatu. Wa kwanza ni kwamba katika ngano na mahindi wauzaji wameongezeka, na enzi ya nchi moja kuwa ghala la wote imekwisha. Hilo ni jema kwa mnunuzi. Wa pili ni kwamba katika mchele mambo yamekwenda kinyume: soko jembamba limezidi kuelemea upande mmoja. Wa tatu, nao ndio mzito, ni kwamba milango hufungwa kwa pamoja, tena wakati ule hasa mgeni anapohitaji kuingia. Mwaka wa 2008 India, Vietnam na nchi nyingine zilizuia mchele wao kwa hofu tu, wala mavuno ya dunia hayakuwa yamepungua. Bei ya mchele ikakaribia mara tatu katika miezi michache. Habari zilipoenea mwezi wa Mei kwamba Japani ingeweza kuuachilia mchele iliokuwa imeununua ng'ambo na kuuweka ghalani, bei ikaanza kushuka kabla gunia moja halijapakiwa. Kama hofu peke yake yaweza kupandisha bei, basi ghala lililo wazi laweza kuituliza.

Sasa turudi nyumbani. Ngano tunayoivuna Narok, Uasin Gishu, Nakuru na Timau haitoshi hata sehemu moja kwa tano ya tunayoila. Nyingine yote hushushwa katika bandari ya Mombasa, na kabla ya vita sehemu kubwa ilitoka Urusi na Ukraine. Ndiyo maana chapati ya yule mama ilikonda. Wapo wanaosema dawa ni kulima ngano yetu yote wenyewe. Nia yao ni njema, lakini nyanda zetu za juu ni chache na zina kazi nyingine nyingi, na kutu ya ngano huko haina huruma. Si bure kwamba mataifa mengi huleta mbegu zao katika kituo cha utafiti cha Njoro zijaribiwe dhidi ya ugonjwa huo. Kwa ngano, busara ni kuwa na wauzaji wengi na ghala lenye akiba, pamoja na kuuzoea tena unga wa mtama, wimbi na muhogo, ambao babu zetu hawakuuagiza popote.

Lakini chakula chetu kikuu ni mahindi, na hapa takwimu za ulimwengu hutupotosha zaidi. Mahindi ya New Orleans na ya Santos karibu yote ni ya manjano, na walaji wake wakuu ni nguruwe, kuku na viwanda. Mkenya hula mahindi meupe. Wazazi wetu husimulia hadi leo jinsi mwaka wa 1984, wakati wa ukame, walivyokula unga wa mahindi ya manjano yaliyoagizwa kutoka ng'ambo, na wengine waliuona kuwa chakula cha mifugo. Mahindi meupe yanayouzwa nje duniani ni sehemu ndogo mno ya tani zile tunazosoma magazetini, na wauzaji wake wanahesabika: Mexico, Afrika Kusini, Zambia, na majirani zetu Tanzania na Uganda. Mwaka wa 2017, unga ulipopanda bei, serikali yetu ilikwenda mpaka Mexico kuyatafuta, ikalipia ruzuku ili pakiti ya kilo 2 iuzwe kwa shilingi 90. Brazil na Marekani wangeweza kuvunja rekodi zao zote mwaka huo, na sufuria ya ugali isingetambua.

Kwa hiyo, kwa mlaji wa ugali, milango mikuu iko Namanga, Holili, Busia na Malaba. Je, milango hii tumeitunza? Mwaka wa 2011, na tena mwaka wa 2017, Tanzania ilizuia mahindi yake kuuzwa nje. Machi 2021 ilikuwa zamu yetu. Barua ilitoka Nairobi ikikataza mahindi ya Tanzania na Uganda kuingia nchini kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini. Malori yalikwama mpakani, na baada ya siku chache marufuku yakaondolewa na masharti yakawekwa mahali pake. Sumu hiyo si mzaha. Mwaka wa 2004 iliwaua watu 125 huko Ukambani, tena kwa mahindi yaliyovunwa na kuhifadhiwa humu humu nchini. Hapo ndipo penye funzo. Sumukuvu haina uraia, na dawa yake ni kukausha, kupima na kuwa na kipimo kimoja pande zote za mpaka. Barua ya ghafla haiikaushi punje hata moja. Humfunza tu mkulima wa Mbeya au wa Masindi kwamba soko la Kenya haliaminiki, na mwaka ufuatao atapanda kidogo au atamwuzia mwingine. Ndivyo alivyojifunza mteja wa Marekani baada ya 1980, na ndivyo mkulima wa Argentina anavyojifunza kila siku.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010. Isingekuwa vigumu kuongeza ahadi moja inayoshika: kwamba nchi mwanachama haitafunga mpaka kwa nafaka bila kuwaarifu wenzake mapema na kukaa nao mezani, na kwamba shehena iliyokwisha kuanza safari itapita. Sambamba na hilo, maghala ya umma yajazwe wakati wa mavuno, bei itangazwe kabla ya kupanda, na kiasi kilichomo ghalani kijulikane na kila mtu, badala ya kuwa siri ya wachache wanaofaidi uhaba. Akiba haiozi, walisema wazee, mradi ikaushwe vizuri.

Kwa walimu wenzangu nina ombi dogo. Mnapofundisha somo la mauzo ya nafaka, msiishie kwenye jedwali la tani. Mwulizeni mwanafunzi achore ramani ya safari ya chakula alichokula jana, kisha aandike kwenye kila mpaka na kila bandari jina la yule mwenye kushika ufunguo. Atagundua kwamba baadhi ya funguo ziko Moscow na New Delhi, ambako sauti yake haifiki, na nyingine ziko Dodoma, Kampala na Nairobi, ambako yaweza kufika.

Kijana yule aliyeniuliza juu ya chapati nilimjibu hivyo. Akafikiri kidogo, kisha akasema kwamba basi methali imekosea, kwa kuwa kila nchi hutegemea cha nduguye, hata Brazil. Nikamwambia methali haikukosea. Haikusema usiwe na ndugu. Imekuonya tu juu ya kuketi ukingoja chake ilhali chako hujakiweka ghalani, na ilhali wewe mwenyewe ulimfungia mlango alipokuja kukuuzia.